Kiapo cha Sensa

Sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda. Aliingia gereji yangu pale Waberi, mjini Garissa, bila salamu, akaiegemeza pikipiki kwenye ukuta niliokuwa nimetoka kuupaka chokaa, akaiacha ikinguruma na kutema moshi mweusi hadi ndani ya kikombe changu cha chai. Kisha akasema, "Warya, fundi! Hii kitu imekuwa kichwa ngumu. Tengenesa haraka, maziwa inaningoja."

Warya ni neno la kumwita mwanamume kwa Kisomali, na halina ubaya likitoka kwa rafiki. Yeye hakuwa rafiki. Alikuwa mtu wa rika langu, mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kuniangalia mikono badala ya uso, kana kwamba mikono yangu ingechomoa kitu mfukoni mwake akipepesa macho.

Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya dada mdogo wa mama yake, mchuuzi wa maziwa ya ngamia ambaye soko zima la Garissa linamjua kwa sauti kabla halijamwona. Mama huyo alikaa mjini akiuza, na mpwa wake alikwenda kila siku upande wa Bura kuyachukua maziwa kwa wafugaji asubuhi mapema na kuyafikisha kabla jua halijawaka sawasawa. Maziwa yakichelewa njiani yanachacha, na maziwa yaliyochacha bila mpango wa kuchacha hayana mnunuzi. Kwa hiyo pikipiki ikizimika katikati ya safari, hasara ilikuwa ya mama, na makelele yalikuwa yangu.

Ilikuwa pikipiki mpya ya injekta. Hapa kwetu watu wengi wamezoea kabureta, kitu unachoweza kukifungua juu ya gunia kando ya barabara, ukakipuliza kwa mdomo, ukaendelea na safari. Injekta haipulizwi kwa mdomo. Kuna kompyuta ndogo chini ya kiti inayoamua petroli kiasi gani iingie, na kwenye bomba la ekzosi, karibu kabisa na injini, kuna kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachoitwa sensa ya oksijeni. Kazi yake ni kunusa moshi unaotoka. Ikinusa kwamba petroli ilikuwa chache, inaiambia kompyuta iongeze; ikinusa kwamba ilikuwa nyingi, inaiambia ipunguze. Mambo haya nilijifunza kwa tabu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kidude cha kuchomeka kwenye waya za pikipiki, na wenzangu wa kabureta walikuwa wakinicheka. Waliniita daktari wa simu. Niliwaacha wacheke, maana pikipiki za injekta zilikuwa zinazidi na wao zilikuwa zinawashinda.

Nilichomeka, nikawasha simu. Sensa nzima huchora mstari unaotetemeka, juu chini, juu chini, bila kutulia. Mstari wa pikipiki ile ulikuwa umelala chini kabisa. Sensa ilikuwa imekufa, na kwa kuwa ilikufa ikiwa inasema petroli ni chache, kompyuta ilikuwa inamimina na kumimina, plagi inalowa, injini inasongwa na petroli yake yenyewe. Nikamweleza. Akaniambia, "Weka ingine, mbona hadithi mingi?"

Nikaweka nyingine. Mstari ukatetemeka vizuri, moshi ukakatika, akaondoka bila asante. Baada ya muda mfupi akarudi na moshi uleule. Nikachomeka, mstari umelala. Nikaweka sensa nyingine tena, safari hii nikiwa nimegombana kwa simu na muuza vipuri wa Nairobi, nikimwambia ananiletea takataka. Naye akanijibu kwamba sensa zake zinafanya kazi Kenya nzima isipokuwa kwangu. Hiyo nayo ikafa. Kila niliyoitoa niliitupa kwenye mkebe wa bati chini ya meza, kwa nguvu, kama mtu anayetupa mfupa kwa mbwa wa jirani.

Siku aliyorudi mara nyingine, ndani ya gereji kulikuwa na pikipiki ya mtu mwingine, ya aina hiyohiyo, na sensa yake ilikuwa inang'aa. Akaiinamia akaitazama. Kisha akasimama wima akapaza sauti ili wale wanywa chai wa kibanda cha mbele wasikie.

"Hii ni yangu! Mimi naletewa ya zamani, yangu mpya anaweka kwa watu yake!"

"Rudia," nikamwambia.

"Mwizi. Nimerudia."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, ndivyo wanavyosema, lakini yule alichagua. Kwa fundi hakuna neno lingine. Ungeniita mlevi ningecheka, ungeniita mjinga ningekubishia. Mtu anayeachiwa vitu vya watu akiitwa mwizi, amefungiwa mlango. Mimi nimezaliwa mji huu, mama yangu ni wa jamii za kando ya mto, baba alitoka pwani akaoa hapa akazikwa hapa, na Kisomali nakisikia kama kawaida. Hata hivyo mara nyingi nikikosana na mtu sokoni nasikia kuna mmoja nyuma anauliza, huyu kwao ni wapi? Siku ile niliwasikia wawili.

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, nilikuwa nimeshika spana na nilijua ingempata wapi. Badala yake nikaweka sensa nyingine mbele ya macho yake na ya wanywa chai wote, nikawaonyesha mstari unavyotetemeka. Kisha nikafunga simu yangu ya zamani chini ya kiti, imechomekwa kwenye pikipiki, iandike kila kitu kinachotokea njiani: mwendo, joto la injini, na sensa inasema nini. Nikamwambia, "Nenda na urudi. Tutaona mwizi ni nani."

Aliporudi, moshi mweusi, nikaifungua simu. Rekodi ilikuwa wazi kama mchana. Kutoka Bura mstari ulikuwa mzima, unatetemeka raha mustarehe. Kisha pikipiki ikasimama mahali fulani njiani, ikakaa. Na hapohapo, ikiwa imesimama, mstari ukaanguka ukalala, na haukuamka tena hadi Garissa.

Damu ilinichemka kwa furaha. Mafuta machafu huua sensa, na nilikuwa naijua michezo ya barabara ile: mtu anasimama mahali, anafyonza petroli nzuri kutoka kwenye tangi anamwuzia mwenzake, anajazia kitu cha rangi ya petroli kilichochanganywa na mafuta ya taa. Nikamfuata mpaka soko la maziwa, nikamkuta mbele ya mama yake mdogo na wachuuzi wenzake, na mimi nikapaza sauti yangu, ambayo si ndogo.

"Unafanya nini pale unaposimama?"

"Wapi?"

"Pale unaposimama! Simu imekuona. Unauza petroli ya mama yako, unajaza uchafu, sensa zinakufa, halafu mwizi ni mimi!"

"Nasimama kizuizini! Kila mtu husimama kizuizini! Polisi atanipita aje?"

"Na ukisimama unafanya nini?"

"Sifanyi kitu! Nangojea tu!"

Tuliachanishwa. Shati langu lilipoteza kola.

Hapo ndipo yule mama alipoinuka kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono mirefu inayonukia moshi wa kufukizia vyombo vya maziwa, na alikuwa hajasema kitu muda wote, jambo ambalo lilikuwa limewatisha wenzake. Alitutazama sote wawili kwa chuki ya sawasawa.

"Wewe unasema yeye ni mwizi," akaniambia. "Wewe unasema yeye ni mwizi," akamwambia mpwa wake. "Mimi maziwa yangu inamwagwa. Haya. Ijumaa, baada ya swala, mtashika Kitabu nyote wawili mbele ya watu. Yeye ataapa hakuuza petroli. Wewe, fundi, utaapa hukuiba sensa. Nimechoka."

"Mama, mimi siapi kwa sababu ya sensa," nikasema.

"Kwa nini? Unaogopa?"

Watu wakacheka. Na kicheko kile ndicho kilichonionyesha mtego niliokuwa nimeingizwa. Baba yangu alikuwa mtu wa hasira kuliko mimi, lakini hakuapa maisha yake yote. Alitufundisha kwamba Kitabu hakishikwi kwa vitu vya kuokota na kupoteza, hata kama una haki. Na nje ya mafunzo ya baba, naujua mji wangu. Ukikataa kuapa, wewe ni mwizi. Ukiapa, watu hawatasema fundi yule alikuwa mkweli. Watasema fundi yule ndiye aliyeapishwa. Fundi aliyeapishwa hubaki ameapishwa. Kila mtu atakayetaka kumwachia pikipiki atakumbuka kwanza kwamba palikuwa na jambo. Mama yangu aliposikia, alisukuma sahani yake kando akaniambia ni bora nikatengeneze baiskeli huko Hola kuliko kumshikisha Mungu vyuma vyangu.

Nilikaa gerejini nikiwa nimefunga mlango, nikiwachukia wote kwa zamu. Nilimchukia yeye, nikamchukia mama yake mdogo, nikawachukia wanywa chai, nikamchukia hata aliyevumbua injekta. Nikaifungua tena ile rekodi ili nipate kitu kingine cha kumtupia usoni siku ya Ijumaa. Nilivyoitazama zaidi ndivyo ilivyokataa kunisaidia. Kama angefyonza petroli na kujaza uchafu, sensa ingedhoofika pole pole, mstari ungezembea kwanza kabla ya kufa. Huu haukuzembea. Ulikuwa mzima, kisha ukakatika kama uzi. Mafuta hayaui hivyo. Kitu kiliipiga sensa ile papo hapo, na pikipiki ilikuwa imesimama.

Ndipo nikatambua kwamba mimi sijawahi kuiona pikipiki ile ikiwa imebeba. Kila mara ilikuja kwangu baada ya maziwa kushushwa sokoni, tupu na kavu. Nikamtumia yule mama ujumbe kwamba Alhamisi nitakwenda Bura mwenyewe na kuifuata pikipiki njia nzima ikiwa na mzigo, na kwamba nikishindwa kuonyesha kosa, nitashika Kitabu chake. Jibu lilirudi la neno moja: "Nenda."

Nilipanda pikipiki yangu ya kabureta, ile ambayo siionyeshi watu. Bura nilimkuta ameshaanza kufunga mzigo, wala hakuinua kichwa. Mitungi miwili mikubwa ilikaa nyuma ya kiti. Midogo miwili ilining'inizwa mbele, mmoja kila upande wa tangi, ikiteremka hadi kando ya injini. Yote ilikuwa imevishwa magunia yaliyoloweshwa, kama kila mtungi wa maziwa ninaoujua tangu utoto wangu, ili upepo ukipiga maji maziwa yabaki baridi. Niliyaona magunia yale na hayakuniambia kitu. Nilichokuwa natafuta ni mpira wa kufyonzea petroli.

Nikaifunga simu kwenye usukani wake ili niweze kuisoma tukisimama. Akasema, "Ikianguka, utasema nimeiba simu pia." Nikamwambia ajaribu tu aone.

Tulikwenda vile. Yeye mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake, na nina hakika alikuwa anatafuta vumbi kwa makusudi, akipita pembeni ambako udongo ni laini. Hakusimama popote. Hakufungua tangi. Joto lilipanda, na kila nilipomsogelea niliona simu kwenye usukani na mstari wake ukitetemeka salama, jambo lililozidi kunikera, maana kila hatua bila kosa ilikuwa inanisogeza kwenye Ijumaa.

Tukafika kizuizini. Palikuwa na foleni ya magari, jua limeshaanza kuchoma vichwa, na askari alikuwa anafungua mizigo ya watu bila haraka. Nikashuka nikaenda kusimama karibu na pikipiki yake, macho kwenye kifuniko cha tangi. Nilikuwa nimeapa moyoni, hicho ndicho kiapo pekee nilichokuwa tayari kula, kwamba hatagusa kifuniko kile bila mimi kumshika mkono.

Hakugusa tangi. Alinyoosha mkono nyuma ya kiti akachomoa chupa kubwa ya maji. Bila kunitazama, bila hata kuyatazama maji, kama mtu anayejikuna, akamimina juu ya magunia. Ya nyuma kwanza. Kisha ya mbele, kulia, kushoto. Maji yakalowesha gunia, yakateremka, yakachuruzika kutoka kwenye pindo lake moja kwa moja juu ya bomba la ekzosi lililokuwa limetoka kukimbia njia yote ile kwenye joto.

Tssss.

Mvuke ulipanda. Nikatazama simu. Mstari ulitetemeka mara moja, mara mbili, ukaanguka ukalala.

Nilipiga ukelele uliomfanya askari ashike bunduki yake vizuri. "Maji! Mbwa wewe, maji!"

"Nani mbwa?" Akanijia kifua mbele, na kwa hasira p zake zikaanza kugeuka b. "Sema tena nani mbwa!"

"Unamwagia sensa maji! Chuma cha moto unakimwagia maji! Angalia simu! Angalia!"

"Ni maji tu! Ni ya gunia! Nisibomwagia maziwa itaharibika, wewe hujui kitu!"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niseme nimemwagia gunia maji? Nikuambie pia nimebumua?"

Kule sokoni nilimwuliza anafanya nini kizuizini, akasema hafanyi kitu, na kwa akili yake alikuwa anasema kweli. Hakuna mbeba maziwa wa Bura anayehesabu kulowesha gunia kuwa ni kufanya kitu. Askari akatuambia twende tukauane mbele, foleni inangoja.

Garissa tulifika na moshi mweusi wetu. Sokoni, mbele ya yule mama na wenzake, niliingoja tu injini ipoe, nikaifungua sensa, nikamsogezea mama sikioni nikaitikisa. Ndani yake kuna kitu cha kauri, kama kipande cha kikombe cha chai, na kikombe cha moto ukikitumbukiza kwenye maji baridi kila mpishi anajua kinafanya nini. Kauri iliyopasuka ililia ndani kama punje kwenye kibuyu. Nikamtuma mtu gerejini akaniletea ule mkebe wa bati. Yule mama akazitoa sensa zote moja moja, akazitikisa sikioni mwake, taratibu. Zote zililia. Ile ya kwanza kabisa, iliyokuja na pikipiki kutoka dukani, iliyosemekana nimemwekea mtu mwingine, nayo ilikuwa mle ndani ya mkebe, nayo ikalia.

Mpwa wake aliikodolea macho.

"Kwa hiyo ni gunia yangu," yule mama akasema mwishowe.

"Ni maji ya gunia, mama."

"Maziwa bila gunia inachacha."

"Najua."

"Basi usinisimamie hapa na kidole. Tafuta njia."

Hiyo ndiyo pole niliyoipata. Nilikata bati la mkebe wa oili, nikalikunja nikalifunga juu ya sensa kama paa la banda, nikaivisha waya zake mpira, na ile mitungi ya mbele nikaipandisha juu ili pindo la gunia lisifike kwenye bomba. Nikaweka sensa mpya. Yule mama hakuniamini. Aliiwasha pikipiki mwenyewe, akaiacha ipate moto, akabeba ndoo akamwaga yote juu ya magunia, akasimama akitazama maji yanavyoteleza kwenye bati na kwenda pembeni. Mstari kwenye simu uliendelea kutetemeka. Akarudisha ndoo chini.

"Kesho msije msikitini na maneno yenu," akasema. "Njooni kuswali."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Habari ya kiapo ilikuwa imeshatembea mji mzima, kutoka soko la maziwa hadi soko la mifugo, na habari ya maji ya gunia haikuwa na miguu ya namna ile. Nani atasimulia gunia? Ijumaa ile watu walikuja kutazama fundi akiapishwa, na walipokosa tamasha walirudi nyumbani wakiwa wamejiambia kwamba tumelipana kwa siri. Gereji ilipoa. Walioendelea kuja walikuwa wanakuja na msumari, wanakwaruza alama kwenye sensa zao kabla ya kuniachia, wakinitazama usoni wakati wa kukwaruza. Nilikwaruzwa moyo pamoja nazo. Wengine niliwafukuza, na kila niliyemfukuza alikwenda kusema kwamba mtu safi hakasiriki.

Yeye aliendelea kuja. Mama yake mdogo alikuwa ameamuru pikipiki isomwe mara kwa mara, na katika mji ule hakukuwa na mwingine wa kuisoma. Alikuja, hakunisalimu, sikumsalimu. Nilijua dini inasema nini kuhusu Waislamu wawili kunyimana salamu, naye alijua, tukaendelea hivyohivyo. Aliketi juu ya jiwe lililoko mlangoni, akinigeuzia mgongo, mimi nikachomeka simu yangu, nikasoma, nikachomoa, nikasema "Nzima," akaondoka. Mara nyingine aliacha kichupa cha maziwa juu ya meza kwa amri ya mama. Alikiweka kwa kishindo, nami nikayanywa yote huku namwangalia anavyopanda.

Asubuhi moja alikuwa kwenye jiwe lake wakati mteja mgeni alipoingia, mtu wa makamo mwenye pikipiki safi ya injekta inayokohoa. Aliniomba spana. Nikadhani anataka kunionyesha kitu. Akachuchumaa, akaifungua sensa yake mwenyewe, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni mwa kanzu yake, akapiga mfuko kuona kama imekaa vizuri.

"Haya, itengeneze sasa," akasema.

"Umetoa sensa."

"Nitakaa nayo."

"Bila hiyo siwezi kusoma chochote. Ni kama umemleta mgonjwa kwa daktari na pua umeiacha nyumbani."

"Nimeambiwa habari zako," akasema kwa upole, kama mtu anayenifanyia hisani kwa kutoitamka. "Sitaki maneno. Tengeneza bila hiyo."

Maneno niliyokuwa nayo mdomoni yangelinifungia gereji kabisa, na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Warya," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa amegeuka kwenye jiwe lake, anamtazama yule mteja.

"Rudisha hiyo kitu mahali yake."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndio nilisema huyu ni mwizi. Hiyo maneno umesikia huko, ilitoka kwa mdomo yangu." Akasimama. "Huyu mtu sibendi. Wallahi, sibendi hata kidogo. Mdomo yake ni chafu, na aliniita mbwa mbele ya bolisi. Lakini sensa yangu ilikuwa yote kwa mkebe. Wallahi, hakuiba. Sasa mimi ndio nakuambia."

Alikuwa ameapa, kwa ajili ya sensa, mlangoni mwangu, bila kuombwa na mtu yeyote.

Yule mteja alitutazama mmoja baada ya mwingine, akiona labda kwamba watu wanaochukiana namna ile hawawezi kuwa wamepatana kumdanganya. Akaingiza mkono mfukoni, akafungua leso. Yule wa kwenye jiwe alikuwa ameshawasha pikipiki yake na kuondoka, hakuaga, na vumbi lake likaingia gerejini kama kawaida.

Nilipokea sensa, nikairudisha kwenye tundu lake, nikaikaza. Nilijua kwamba hata ningelishika Kitabu mbele ya mji mzima, nisingelipata shahidi mwenye uzito kuliko huyo asiyenipenda. Iliniuma kwamba ilibidi awe yeye.